Ukurasa Mweupe wa Mjomba Heisaku

Nilirudi Morioka na theluji ya Februari,
mkobani elimu ya Rotterdam:
punguza, walinifundisha, kisha upunguze tena.
Nikaketi dukani kati ya mabirika ya chuma
nikaufuta ukurasa wa mjomba
mstari kwa mstari, kama ang'oaye magugu.

Kwanza nambari tatu za simu. Kisha ramani
na mshale wake mwekundu, utokao stesheni,
ukapita benki, ukapita daktari wa meno.
Bei zote, pamoja na kodi na bila kodi.
Ilani kwamba Jumatano tunafunga,
ila Jumatano ya sikukuu tunafungua, tunafunga kesho yake.
Picha ya mjomba ameinama. Habari ndefu za kutu:
namna ya kuizuia, namna ya kutoiogopa.
Katuni ya birika lenye miguu, linapunga mkono.

Nikabakiza birika moja,
jeusi, katikati ya weupe,
na chini yake neno: Karibu.
Nikajiona fundi.

Siku ya tatu simu ikalia.
Bi Otsuyo wa Hachinohe, mteja wa miaka thelathini:
"Samahani kwa usumbufu. Nani amefariki?"

Siku ya tano, kimya.
Siku ya tisa wakapiga wawili, kuuliza
kama birika linauzwa na mfuniko wake,
na kama duka lina mwenyewe.

Mjomba hakunigombeza. Alinipandisha ghorofani,
chumba cha mikeka kisicho na kitu
ila karatasi ukutani, herufi moja,
na tawi la mplamu ambalo halijachanua.
Theluji ikaporomoka paani.
Nikasema: Na hapa je, mjomba?
Weupe huu si ndio ule ule?

Akakizungusha kikombe, hakunywa.
"Hapa umeshavua viatu," akasema.
"Aliyevua viatu ameniamini, nampa nafasi.
Lakini yule wa barabarani, na baridi hii,
na mshahara wake mfukoni,
ukimnyamazia, umemfungia mlango."

Usiku nikarudisha vyote:
mshale, meno, Jumatano.
Kutu nikaiongezea aya mbili.
Hata katuni ile, na miguu yake.
Nilichojibakizia ni upana wa kidole,
chini kabisa, baada ya neno la mwisho.

Asubuhi Bi Otsuyo akapiga.
"Afadhali," akasema, "mpo."
Kisha akauliza kama Jumatano tunafungua.