Mara ya Mia na Kumi na Nne

Chumba cha kufulia, Ísafjörður, saa nne usiku.
Mashine inazungusha mashuka kushoto kwangu,
kulia soksi za Örn zinaning'inia kwenye bomba la joto,
na katikati, juu ya meza ya kupigia pasi,
iko ndege ya injini mbili na abiria thelathini na saba
wasiojua kwamba rubani wao
ameshinda kiwandani akichuna minofu ya samaki.

Usukani nilimuuzia kofia mbili za sufi Snæbjörn wa posta ndipo akaniachia;
yeye kila akiruka alitapika.
Kanyagio la kushoto limelegea.
Nimelitilia kipande cha soli ya kiatu.

Mara ya kwanza nilitua juu ya kanisa.
Mara ya pili baharini, taratibu kabisa,
Örn akasema, angalau hukuvunja kitu.
Mara ya tisa niliupata uwanja,
ila haukuwa wetu.

Aliye juu mngoje chini, husema watu.
Niliye juu ni mimi,
na chini haina subira.

Nilidhani kwenda mahali ni kuelekeza uso mahali.
Kumbe upepo nao una safari yake.
Ukivuma kutoka magharibi nawe waitaka kaskazini,
igeuze pua magharibi kidogo,
uende upandeupande kama kaa:
machoni pa watu umepotea,
kwenye ramani umenyooka.

Kisha milima.
Bahari imeingiza mkono mwembamba kati yao
na uwanja umelala ubavuni mwa mkono huo, umekupa mgongo.
Huna budi kuupita, uende hadi maji yanapokwisha,
mlima ukishakijaza kioo
ndipo ulaze bawa, ugeuke.

"Futi mia saba," Örn anasoma, huku akimenya viazi. "Mwendo?"
"Mia na tano."
"Uliandika mia."
"Menya viazi."
"Mimi pia nimo humu ndani, Dagný."

Miaka kumi na tisa nimekwenda Reykjavík kwa gari,
saa sita za barafu,
kwa sababu mwaka ule, ndege ilipolaza bawa,
dirishani alikuwapo kondoo.
Hakuwa chini. Alikuwa usawa wa macho yangu,
anatafuna.
Tukatazamana.

Februari nilikata tiketi.
Kwenda, sikumwambia mtu.
Kurudi, kiti cha nne dirishani,
nilisikia vibawa vikishuka kwa mlio wa kinu cha kahawa
nikajua: bado dakika tatu.
Miguu yangu ilikanyaga sakafu, kushoto kwa nguvu zaidi,
kwa ajili ya ile soli.
Maji yakaisha. Mlima ukajaa.
Nilimtafuta kondoo; palikuwa na theluji tu.

Bawa likalala, likasita,
injini zikanguruma, tukapanda.

Mzee wa kiti cha jirani akanishika mkono wa koti:
"Tunakwenda wapi?"
"Juu," nikamwambia. "Kwanza juu.
Mengine baadaye."
Sauti ilikuwa yangu. Niliitambua kwa shida.

Tulirudishwa Reykjavík, tukapewa supu.

Usiku huu nimeuweka upepo uleule,
theluji ileile, saa ileile.
Maji yanaisha, kioo kinajaa,
Örn ameacha kisu hewani.
Mara mia na kumi na tatu nilitua,
makanisani, baharini, kwa watu wengine,
nikiona haya kufika karibu hivyo halafu nisifike.
Nasukuma injini zote mbili mbele.
Uwanja unapita chini ya bawa,
taa zake zote zimewaka.

"Umeshindwa?" anauliza Örn.

Mashine ya kufua inatetemeka, inanyamaza.
Nasubiri dira itulie
kabla sijamjibu.