Msimu Niliokosa Kibali

Andika, afande, kwamba sikuiona ikianguka.
Niliisikia ikinyamaza.
Tangu asubuhi ilikuwa inakereza anga la upande wa Koga,
inakwenda, inarudi, kama fundi cherehani
aliyeng'ang'ania mshono mmoja,
nami juu ya mtundu, kamba kiunoni,
nimejibana na gome nisionekane,
maana kibali changu kiliisha mwezi wa sita
na pesa ya kipya ilinunua madaftari.

Kienge nilikuwa nimeshawasha.
Moshi mwembamba, wa kubembeleza nyuki,
si wa kumwita mtu.
Ikageuka. Ikashuka. Ikainama
kama kuku anayetazama punje kwa jicho moja.
Kisha mlio ukakatika
na mimi nikaanza kuhesabu, sijui kwa nini,
moja,
mbili,
mti ukapasuka.

Unauliza saa.
Kivuli cha mninga kilikuwa hakijafika kwenye ndoo yangu.
Andika saa tano.

Niliikuta imelalia ubavu
kama punda aliyekataa mzigo.
Mkia umekatika, umening'inia kwenye myombo.
Pangaboi moja limepasua mzinga wangu wa nne,
asali inamwagika juu ya kioo,
petroli inamwagika chini ya asali,
na nyuki wangu, wasio na kibali kama mwenyewe,
wamewavaa wale wawili.

Kienge kilikuwa mkononi, kinafuka.
Umri wangu wote jibu la nyuki ni moshi;
sijui jibu jingine, baba hakuniachia jingine.
Nikanusa petroli.
Nikakifukia kienge mchangani, nikakikanyaga kwa kisigino,
nikaingia hivyohivyo.

Rubani, Mrutu, alikuwa ameshakwenda,
vidole vimeshika usukani
kana kwamba amegoma kuteremka.
Dada, Kokugonza, alikuwa hai,
mkanda umemkaba, kope zimevimba zimefunga,
ananiambia, "Nyati kumi na saba. Nyati kumi na saba,"
kama mtu anayekumbushia deni.
Nilikata mkanda kwa kisu cha kurinia.
Nilipomvuta alipiga yowe.
Nilifurahi kulisikia lile yowe.

Siku moja na nusu hadi barabara ya Ipole,
yeye juu ya baiskeli, amefungwa kwa kamba yangu ya kupandia,
mimi nasukuma,
mbung'o wanatunywa wote bila kubagua.
Nilimlisha masega kwa kidole
kilichovimba kama ndizi mzuzu.
Usiku alitetemeka. Kiberiti ninacho,
kuni zimejaa, lakini nguo zetu zilinuka petroli,
nikaogopa. Tukakaa gizani.
Aliniuliza jina.
Nilimwambia Ramadhani.

Jina langu ni Lusangija Kapela, wa Kisanga.
Hilo nalo andika.

Daftari lake niliokota mimi. Ninajua kusoma.
*Nyati 17. Pofu 4. Tembo* — palepale pametupu.
Halafu mstari wa mwisho, mwandiko wa haraka:
*Moshi, upande wa kul*
na kalamu imechora njia hadi ukingoni mwa karatasi.
Ukurasa ule nilikuwa nao usiku kucha.
Tumbaku ninayo, karatasi sina;
mtu angeweza kusokota sigara akauvuta ukaisha.
Nimekuletea daftari zima.
Usinisifu. Nilisubiri hadi alfajiri ndipo nikaamua.

Kama ni moshi wangu uliowashusha
wataalamu wenu watasema. Mimi nasema labda.
Nasema labda kila ninapolala.

Nasikia huko Kitete ameanza kufumbua jicho la kushoto.

Na tuliporudi na wenzako kumchukua Mrutu,
ule mkia bado ulikuwa juu ya myombo,
umelala vizuri kwenye panda, kimo chake kile kile,
mdomo umetazama mawio, kana kwamba nimeutundika mimi.
Nyuki walikuwa wanaingia.
Afande mmoja aliniuliza kama na huo ni wangu.