Pete Saba

Ndeeba, asubuhi. Vumbi la mbao limeshanifika kooni.
Tibasiima ananihesabia kenchi kumi na nane.
Nanyanyua moja: nyepesi,
nyepesi kama ahadi ya mwenye nyumba.
Naigeuza upande wa kichwa, pale jino la msumeno lilipopita,
nahesabu pete. Moja, mbili...
saba.
Kila moja pana kuliko kidole gumba changu.

"Huo ni mkaratusi wa maabara," asema, kama anayetaja ukoo.
"Miche pacha, mama mmoja, chupa moja.
Unalala ukiwa magotini, unaamka umekupita."

Mimi sina ugomvi na mti unaokimbia.
Ninazo ekari mbili kule Mubende,
safu kwa safu, kama watoto wa shule mstarini,
na tuliyoikata mwaka juzi ililipa karo ya Nakimera
mpaka senti ya mwisho,
ikabaki na ya kumnunulia mama yake godoro.

Ila wiki iliyopita tulibomoa nyumba ya katekista, Nkozi.
Boriti ya mvule. Tulikuwa wanne, na bado ilitutoa jasho.
Nilitaka kusoma umri wake kwa jicho, nikashindwa;
nikachukua ncha ya msumari, nikazipitia pete
mojamoja, kama mtu na tasbihi yake.
Nilifika tisini, wakaniita chakula.
Mchwa walikuwa wamekula mlango, wamekula na fremu;
walipofika pale waligeuza njia.
Na ubavuni, kwa penseli, mwandiko wa fundi nisiyemjua:
*Yozefu. Shilingi nne. Mvua imetukuta.*

Jioni nikamsimulia Nakimera. Yuko mwaka wa pili, anasomea misitu.
Nilidhani atasikitika nami.
"Baba, usiulaumu mti. Mti umefanya ulichoambiwa.
Nani kati yenu amewahi kuungoja hata miaka ishirini?
Mnaukata una maziwa mdomoni,
mnaupigilia misumari ukiwa bado unatoka maji,
kisha mnakaa kwenye chai: *ah, mbao za siku hizi!*
Na hiyo mivule mnayoililia,
iliishia kwenye msumeno wa nani?"

Nilinyamaza.
Nitamjibu nini? Ulimi ule
niliulipia kwa miti ya miaka saba.

Sasa niko juu ya ukuta, Kyengera,
mwenye nyumba yuko chini na simu, anatazama mawingu.
Anataka mabati leo. Mwanawe anaoa Jumamosi.
Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi;
kenchi hizi hazingoji mkunjaji.
Jana niliziacha zimenyooka kama askari wa gwaride,
leo asubuhi tatu zimegeuza shingo
kama waliosikia wakiitwa barabarani.
Napiga msumari, ubao unapasuka, tii,
sauti ndogo, kama ya mtu anayeficha kikohozi kanisani.
Nautoa. Natoboa kwanza, napiga tena.

Palipotosha kumi naweka kumi na nne.
"Fundi, unanimalizia mbao!"
Ndiyo, bwana. Urahisi ulionunua Ndeeba
unaulipia huku juu, kipande kwa kipande.

Zingengoja, hizi.
Ningezipanga kivulini miezi mitatu, na vijiti katikati,
zikapumua, zikakauka bila hasira.
Miezi mitatu tu! Mtoto hupewa tisa.
Lakini nani atanilipa kwa kungoja?
Hata mimi, kule Mubende, mnunuzi akija kesho na fedha mkononi,
sitamwambia, rudi baada ya mvua kumi.

Tone la kwanza limenipata shingoni.
Bati la mwisho linapandishwa, vijana wanapiga kelele.
Kabla giza halijaifunika kenchi ya katikati
natoa penseli sikioni, naandika upesi, herufi zikienda upande,
kwa ajili ya fundi atakayebomoa
(sijui kama amezaliwa, natumaini bado):

*Pete saba. Nimeongeza miega minne.
Mvua imetukuta.*

Bei sikuandika.