Matundu Saba, Mabatini

Ukuta wa nyuma hakuujenga mtu.
Ni jiwe lenyewe la mlima, limeingia chumbani
kama mgeni asiyebisha hodi,
na mama mdogo Milembe ameliegemezea kabati la vyombo.

Saa saba kasoro robo. Nimefunga mlango, nimeshusha pazia,
nasubiri jua lisimame juu ya paa.
Linasimama. Misumari iliyong'oka imeacha matundu saba,
kila tundu linashusha uzi mweupe:
mmoja juu ya mto, mmoja kwenye sufuria,
mmoja umetua begani mwa jiwe
likaonekana kama linapumua.

"Usifagie," namwambia. "Vumbi ndilo linaloonyesha mwanga."
Anacheka, fagio mkononi:
"Umesoma mpaka Nyegezi
uje kunikataza kufagia?"

Amevaa kitenge chekundu kwa ajili ya picha.
Sikuwa na moyo wa kumwambia
filamu niliyopakia haijui wekundu.

Usiku, Nyakato, bafuni kwangu,
karatasi ikaogelea kwenye beseni.
Giza ndilo lililotangulia,
la uvunguni, la nyuma ya kabati,
halafu jiwe, halafu kitenge, rangi moja na jiwe.
Zile nyuzi saba hazikuja.
Zilikuwepo tangu mwanzo: karatasi tupu
ambayo dawa haikuigusa.

Nikampelekea. Akaishika mbali na macho.
"Nyekundu yangu umeipeleka wapi?"
Kisha kidole kikatembea tundu kwa tundu.
"Hili la kitandani. Hili nalitegea sufuria.
Hili, masika yaliyopita, lilinilowesha unga wote.
Wewe unayahesabu kwa jua, mwanangu.
Mimi nayahesabu kwa ndoo."

Mwezi wa nne nikarudi na filamu mpya.
Chumba, giza totoro.
Fundi Lugembe alikuwa amepanda na lami,
akaziba yote kwa elfu tano na bakuli la uji.
"Gusa godoro," sauti ikasema. "Gusa tu."
Nikagusa. Kavu.
Kamera ikaning'inia kifuani, nzito bure.

Mvua ikaja kutoka ziwani,
ikalipiga bati zima, ikatafuta, isipate pa kupitia.
Milembe akawasha kiberiti anitafutie kigoda.
Kivuli chake kikapanda juu ya jiwe,
kikalizidi jiwe, kikapinda darini.

Sikuinua kamera.
Kijiti kikamuunguza kidole, akakitupa,
akawasha kingine.