Mtutu Mfupi

Daktari Rwakaikara alizilaza tatu juu ya turubai
nje ya stoo yake ya mahindi, Kigumba,
umande ungali kwenye nyasi.
"Araali," akaniambia, "chagua. Wewe ndiye ujuaye vichaka."
Kibali kilikuwa mfukoni mwake: pongo dume, mmoja tu,
muhuri wa buluu bado unanuka wino.

Ya kwanza ilikuwa ndefu kama deni.
Darubini mgongoni, kioo cha kuchungulia mwezi.
Niliielekeza ng'ambo ya barabara
nikahesabu mbavu za ng'ombe wa mtu.
Silaha nzuri hii, kwa nchi iliyo wazi,
Karamoja huko, ambako mnyama na kivuli chake
huonekana ni wawili.
Kando ya Kafu hatuna umbali.
Tuna majani,
tuna miba iliyofumana kama nywele za matanga,
na mitambaa inayoshika mtutu mrefu
kama mtoto ashikavyo gauni la mamake sokoni.
Ukija kuunasua, pongo keshavuka mto.

Ya pili ilikuwa ya risasi nyembamba.
Daktari aliisifia mbio zake kama mtu anayesifia mkwe.
Nikamwambia, risasi nyepesi ikigusa kijiti
husahau ilikotumwa.
Hata nzito hupinda, asikudanganye mtu,
ila nzito hupinda kwa haya.

Ya tatu hakutaka hata niiguse.
Kitako kimefungwa waya wa shaba,
komeo linakwaruza kama koo la mvutaji,
shabaha ni chuma kitupu, risasi butu kama kidole gumba.
"Ya marehemu mjomba hiyo," akacheka,
"niliileta kujazia turubai."

Nilifumba macho, nikaipandisha begani.
Nilipoyafumbua, ncha ya chuma
ilikuwa tayari imekaa pale nilipokuwa nikitazama,
kwenye tundu la ukuta atokapo nyigu.
Hii, nikasema.

Sababu nyingine sikumwambia.

Mwaka ule maharage yalipoozea shambani,
kaka yangu Byenkya, na bunduki ndefu ya kuazima,
aliona kitu cha kahawia kikitikisika majanini.
Kahawia. Hakuona zaidi ya hapo.
Kilikuwa shuka ya Kabagenyi, ameinama anachuma uyoga.

Aliishi.
Lakini tangu siku hiyo hutusalimu kwa mkono wa kushoto,
na hakuna Kigumba nzima anayesema amekosa adabu.

Mtutu mfupi hukunyima umbali.
Hukulazimisha usogee, usogee tena,
tumbo kwenye tope, siafu kwenye kola,
mpaka rangi iwe ngozi, na ngozi iwe na uso.

Saa moja na nusu pongo alibweka, mara moja.
Niliona sikio. Baadaye sana, koo lenye baka jeupe.
Hatua ishirini, pengine kumi na nane.
Daktari nyuma yangu aliacha kupumua.
Ncha ya chuma ikatulia penye bega,
na nyuma ya bega, katikati ya kijani chote kile,
palikuwa na njano.

Njano ya dumu la maji.
Au njano ya kitu kingine. Nilingoja kiseme.
Hakikusema. Pongo ndiye aliyeamua:
kichaka kikajifunga nyuma yake, kimya, kama hakuwahi kuwako.

Tulikwenda kutazama.
Lilikuwa jani. Jani moja la mpapai mwitu, limeiva.
Daktari aliliokota, akaligeuzageuza,
akalitupa, asiseme neno hadi barabarani.
Mimi nilivuta komeo, risasi ikatoka baridi,
nikaitia mfukoni, ikagongana na sarafu.

Kwenye daraja la magogo tulimkuta Kabagenyi,
kapu kichwani.
"Araali," akasema, akinyoosha mkono ule ule,
"mmepata?"
Nikamjibu bado.