Siku Tisa za Paje

Tromso jua limezama tangu mwezi wa kumi na moja
na halikusema litarudi lini.
Saa sita mchana taa za barabarani zinawaka,
theluji imelala mlangoni kama mgeni asiyeaga,
nami nawavisha soksi wazee wa watu,
mguu kwa mguu, zamu kwa zamu,
hata asubuhi moja mzee Arvid akaniuliza dirishani:
kwenu saa hizi kukoje?
Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Usiku ule nikakata tiketi. Ya mtu mmoja.

Uwanja wa ndege afisa akaitazama pasi yangu nyekundu,
akautazama uso wangu, akairudia pasi.
Umefuata nini?
Likizo, nikasema,
nikalipia viza ya kuingia nilikozaliwa
na nikahesabu chenji.

Sikuleta zawadi. Andikeni hilo.
Hamna chokoleti, hamna viatu vya watoto,
hamna simu kuukuu za kugawa.
Sandukuni mna nguo ya kuogelea inayofika vifundoni
na mafuta ya kujikinga na jua,
mimi, mtoto wa Wete!
Shangazi Mize yuko hukohuko Wete, ng'ambo ya mkondo tu,
anajua niko kazini, natetemeka.

Mwalimu wangu kijana wa Bwejuu, Mcha,
magotini kachorwa ramani ya mwamba mzima.
Alinianza kwa kile Kiswahili chepesi cha kuuzia wageni.
Nikamjibu kwa Kipemba cha bibi yangu.
Akanyamaza kidogo.
Basi maji haya unayajua.
Siyajui, Mcha. Sisi wasichana bahari iliishia magotini,
kanga imekunjwa, tunaokota chaza;
kupita hapo ilikuwa ya wanaume na mashetani.

Bamvua. Saa tisa alasiri, maji yanajaa,
kaskazi inayasukuma kwenye mlango wa mwamba.
Usiutazame ubao, anapiga kelele, tazama unakokwenda!
Laiti ningekujua.
Wimbi la kwanza likanimeza. La pili likanitema.
La tatu likanivua kilemba cha mpira na heshima yote,
na wanawake waliokuwa wakianika mwani
wakacheka mpaka wakakaa chini.
Maji ya chumvi yakanitoka puani, machoni,
na mengine, nadhani, hayakuwa ya bahari.

Siku ya nne nikasimama.
Tusilikuze jambo: ni muda wa kuhesabu sita.
Moja, miguu yangu.
Mbili, miguu yangu tena, mitupu, haina soksi wala buti.
Tatu, hakuna anayeniita:
si binti wa Khatibu, si mtalaka wa Faki,
si dada wa zamu ya usiku.
Nne, kitu kikubwa kinanibeba na hakinidai.
Tano, nacheka peke yangu kama kichaa.
Sita sikuifikisha.

Baada ya isha, goti limefungwa kitambaa, simu ikalia.
Baridi vipi, mwanangu?
Kali, shangazi. Theluji mpaka dirishani.
Kimya.
Nyuma yangu maji yalikuwa yanakupwa,
yakiburura vigae vya kombe juu ya mwamba,
na mwanamke huyu ana miaka sabini na mbili
hajawahi kulala mbali na sauti hiyo.
Theluji ya kwenu, akasema taratibu, mwaka huu inavuma.
Nikakosa la kusema.
Haya. Ikiyeyuka, boti inatoka Jumatano.
Na usiniletee kitu.

Leo Jumatatu.
Kesho maji yanajaa saa kumi na mbili kasorobo.
Nimemwambia Mcha anisubiri.
Jumatano bado sijamwambia mtu.