Mkia wa Herufi Tatu

Jumanne, saa moja usiku, ghorofani juu ya maktaba ya Grimsby,
mikono yetu imesuguliwa kwa limau na bado inanuka samaki.
Kipasha joto kinakohoa. Bi Hilary Cobb,
aliyewafundisha watoto wa mji huu kuogelea miaka thelathini
kabla magoti hayajamgomea,
anachora mstari ubaoni, anauita maji.

"Vitenzi vingine," asema, "vinaelea vyenyewe:
kulala, kufika, kucheka. Viacheni.
Vingine huzama visipopata cha kushika.
Huwezi kusema nilinunua, ukanyamaza, ukatukodolea macho.
Ulinunua nini?"
"Viazi," ajibu Shilan, na darasa zima linacheka,
na kucheka kunaelea.

Kisha kile cha mikono miwili:
mpe Tesfalem kalamu. Nani? Nini?
Kalamu inazunguka meza, inamrudia mwenyewe imetafunwa.

Mimi ni Audra, mkata minofu, zamu ya alfajiri.
Lugha ya mama yangu huning'iniza mizigo yote mwishoni mwa neno,
huliweka neno popote, na bado linafika.
Huku maneno hupanga foleni kama wenyeji wanavyopanga,
na ukiruka mmoja, nyuma yako wanakohoa.

Msimamizi anayetufanya tubaki baada ya saa:
kitenzi chake hakitaki kijineno cha herufi mbili.
Msimamizi anayeturuhusu twende msalani:
kitenzi chake kinakitaka.
Nikauliza kwa nini.
"Hakuna kwa nini," Bi Hilary akasema. "Kuna mazoea."
Nililiandika hilo daftarini. Limenifaa hata kiwandani.

Februari tukaufikia mkia wa herufi tatu.
Kutaka hakuuvai. Kutaka hutazama mbele,
hutanguliza kijineno chake kama fimbo ya kipofu.
Kufurahia huuvaa. Kumaliza huuvaa.
Ila wako vigeugeu.
Kumbuka, mwenye fimbo, ni mlango ambao hujaufunga bado.
Kumbuka, mwenye mkia, ni mlango uliokwisha kuufunga,
na ubaridi wa ufunguo kiganjani.
Nilikosea zoezi zima. Nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wa mama, kule Utena,
sijui upande upi.

Tesfalem akasoma sentensi yake:
baba aliacha kuvuta sigara.
"Aliacha," Bi Hilary akauliza, "au alisimama ili avute?"
Tesfalem akaitazama karatasi.
"Alisimama. Karibu na mpaka. Akawasha. Sisi tukatangulia."
Kalamu nyekundu haikutoka mkobani.
Bi Hilary alilowesha kidole, akaufuta mkia polepole,
akaandika herufi mbili mahali pake,
na hakuna aliyemwomba mfano mwingine.

Machi ikaja barua ya halmashauri:
tunasikitika kuwaarifu, na kadhalika, bajeti, na kadhalika,
chumba kitafungwa tarehe thelathini na moja.
Akaisoma yote, akavua miwani,
halafu, kwa mazoea tu, akauliza: "Umbo lipi?"
"Fimbo," Shilan akasema.
"Maana yake?"
"Wanaleta habari mbaya. Hawasemi wanajutia kitu."
"Na kama wangejuta?"
"Wangevaa mkia."
Bi Hilary akageukia ubao,
akakaa hivyo, mgongo kwetu, muda mrefu kuliko somo lilivyohitaji.

Tuliandika jibu. Saa nzima, watu kumi na mmoja, mistari minne,
nusu ya muda tukigombania koma.
Hatukuomba kitu. Tulisema hatujutii kuja,
na mkia tukauweka mahali pake,
Tesfalem akaukagua mara mbili kwa ncha ya kalamu ile iliyotafunwa.

Mimi nilitoka wa mwisho. Mvua ilikuwa ya mlalo, kama kawaida ya mji huu.
Nilikuwa nimefika ngazini nikarudi:
nilikumbuka kuzima kipasha joto.
Mpaka leo nakumbuka kukizima.